Uvira: Ufuo wa ziwa usiuzwe wakati watu wanakimbia

Mwezi Oktoba 1996, Uvira ulikuwa mji mkubwa wa kwanza kuanguka katika vita vya AFDL. Wakati huo Rais Mobutu Sese Seko hakuwa Kinshasa. Alikuwa Uswisi, mjini Lausanne, akitibiwa kansa. Mwezi Novemba, Bukavu na Goma zikiwa nazo zimekwisha kuchukuliwa, alitoka Uswisi na kwenda kupumzika katika jumba lake la Villa del Mare, kule Roquebrune-Cap-Martin, kusini mwa Ufaransa, mbele ya bahari ya Mediterania. Alirudi Kinshasa tarehe 17 Desemba. Miezi mitano baadaye alikimbia mji huo kwa mara ya mwisho.

Wakaaji wengi wa Uvira walio vijana leo walizaliwa baada ya siku hizo. Lakini jambo moja halijabadilika sana. Mkongomani mwenye pesa akitaka kupumzika kando ya maji, anapanda ndege. Anaenda Zanzibar, anaenda Dubai, na mwenye uwezo zaidi anakodisha villa katika kisiwa cha Mediterania: Corsica, Sardinia, Mallorca au visiwa vya Ugiriki. Si kosa mtu kutumia pesa aliyotokea jasho. Swali linalohitaji jibu ni lingine: ufuo wa ziwa Tanganyika, kuanzia mdomo wa Ruzizi mpaka Kalundu na kushuka kuelekea Fizi, utakuwa wa nani siku amani itakaporudi na watu wenye pesa watakapoanza kuutazama?

Swali hilo si la kesho. Ni la leo, kwa sababu ardhi haiuzwi siku hoteli inapofunguliwa. Inauzwa miaka mingi kabla, kimyakimya, na mara nyingi wakati mwenye nayo ana shida.

Utajiri ulio mbele ya mlango

Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilometa 670. Lina kina cha karibu mita 1.470, na hapa duniani ni ziwa Baikal la Urusi tu linalolishinda. Nchi nne zinaligawana: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, na sehemu kubwa zaidi ni ya Kongo na Tanzania. Ndani yake mna aina mamia za samaki, na nyingi hazipatikani mahali pengine popote. Upande wa Uvira, milima ya Mitumba inateremka karibu kugusa maji. Asubuhi jua linatokea upande wa Burundi, jioni linazama nyuma ya milima. Kusini, rasi ya Ubwari ina fuo ambazo mgeni akizionyeshwa kwenye picha bila jina, anaweza kuapa kwamba ni Ugiriki.

Ndiyo sababu hakuna haja ya kubahatisha. Siku barabara ya taifa namba 5 itakapopitika bila hofu, watu watakuja na pesa. Watataka parseli zinazogusa maji. Watajenga ukuta, watachimba kisima, watapanda minazi, na mbele ya lango wataandika kwamba kuingia ni marufuku. Biashara hiyo inajulikana duniani kote: nyumba moja yenye vyumba vitano, bwawa la kuogelea, mpishi, mlinzi na mtumbwi wa mota, inakodishwa kwa juma zima kwa maelfu ya dola. Kinachouzwa pale si vitanda. Kinachouzwa ni kuwa peke yako na maji. Na ili mtu mmoja awe peke yake na maji, lazima wengine waondolewe.

Sardinia iliuzwa kwa bei ya mawe

Kuna kisiwa kimoja cha Mediterania ambacho historia yake ingefaa kusomwa katika kila kartie ya Uvira. Ni Sardinia, kisiwa cha Italia. Mwaka 1962 Aga Khan wa nne, yule yule ambaye familia za Afrika Mashariki zinajua mahospitali na mahoteli yake, alianzisha na wenzake mradi wa Costa Smeralda kaskazini mwa kisiwa hicho. Wakati ule pwani hiyo ilikuwa mawe, vichaka na mbuzi. Wachungaji waliiona haina faida: haikulisha ng'ombe vizuri, haikutoa mazao. Walioiuza walipokea pesa ambazo kwao zilionekana nyingi. Leo pwani hiyo ni kati ya ardhi za bei kali kuliko zote Ulaya, na mjukuu wa mchungaji hawezi kununua hata chumba pale ambapo babu yake alikuwa akinywesha mbuzi.

Hakuna aliyewaibia kwa bunduki. Waliuza kwa hiari yao, kwa karatasi halali. Kosa lilikuwa la wakati: waliuza wakati ardhi yao ilikuwa haijajulikana thamani, kwa watu waliojua itakavyokuwa.

Sasa tazama Uvira. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua kubwa ilifurisha mto Mulongwe na mito mingine ya mji. Makumi ya watu walikufa, nyumba kwa maelfu ziliharibika, daraja la Mulongwe likavunjika. Mwaka uliofuata ziwa lenyewe lilipanda na kuingia ndani ya nyumba. Mwaka 2024 lilipanda tena. Karibu na bandari ya Kalundu, na katika Kilibula, Nyamianda na Kavimvira, familia zilihamisha magodoro kwa mitumbwi. Baadaye vikaja vita. Goma ilichukuliwa mwisho wa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari, na mwezi Desemba mwaka huo huo wapiganaji wa AFC/M23 waliingia Uvira. Maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi na kuacha nyumba zikiwa na kufuli tu.

Mtu wa namna hiyo, ambaye nyumba yake imenywa maji mara mbili na watoto wake wanalala kambini, akija mtu na dola mkononi, atakataa? Atauza. Na atauza kwa bei ya chini, kwa sababu kwake parseli ile ni kumbukumbu ya msiba. Kwa mnunuzi, ni ufuo. Vita na mafuriko vimefanya kando ya ziwa kuwa rahisi kuliko wakati wowote. Huo ndio wakati wa hatari.

Watu wa visiwa nao wamechoka

Wengine watasema: acheni wivu, leteni villa, kazi zitakuja. Wana haki ya kusikilizwa. Kijana wa Uvira aliyemaliza chuo na anayeendesha pikipiki ya mtu mwingine hana nafasi ya kudharau kazi ya hoteli. Mvuvi naye ana shida yake. Nchi nne za ziwa zilikubaliana kusimamisha uvuvi miezi mitatu kila mwaka, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili mukeke na ndagala wapate kuzaana. Katika miezi hiyo mitatu familia ya mvuvi itakula nini? Utalii unaweza kuwa sehemu ya jibu.

Lakini walioishi na utalii miaka mingi wana la kusema. Mwaka 2023, katika kisiwa cha Paros huko Ugiriki, wakaaji waliandamana kwenye fuo zao wenyewe wakiwa wamebeba taulo. Sababu ilikuwa moja: wenye baa na hoteli walijaza viti vya kukodisha mpaka mtu wa kisiwa akawa hana mahali pa kutandika taulo yake bila kulipa. Hawakuomba watalii wafukuzwe. Waliomba nafasi ya kukaa. Kelele zao zilienea visiwa vingine, na mwaka 2024 serikali ya Ugiriki ilitoa sheria mpya. Viti vikae mbali na maji kwa mita nne kwa uchache, na raia apewe programu ya simu ya kushtaki yeyote anayevunja sheria. Mwaka huo huo, huko Mallorca, kisiwa cha Hispania, maelfu ya watu walijaa barabara za Palma wakisema kodi za nyumba zimepanda kwa sababu ya nyumba za watalii, hata mwalimu na muuguzi hawapati pa kulala.

Hao ni watu wa Ulaya, wenye mahakama zinazofanya kazi na magazeti yenye nguvu. Kama wao wamefika mahali pa kubeba taulo barabarani, Uvira yenye ofisi dhaifu itafika wapi?

Karibu zaidi nasi kuna Zanzibar. Kisiwa kidogo cha Mnemba, kaskazini mashariki mwa Unguja, ni mfano unaojulikana: kimekodishwa kwa kampuni, wageni wachache wanalala pale kwa bei ya juu sana, na mvuvi wa kijiji cha mbele anakiona kwa macho tu. Pesa inaingia katika nchi, hilo ni kweli. Lakini kila anayetetea mfano huo aulizwe swali dogo: wavuvi waliokuwa wakitia nanga pale, wao walipewa nini?

Sheria ipo, tena si mpya

Kuna wanaodhani kulinda ufuo ni mawazo ya Wazungu. Sheria ya Kongo yenyewe inasema mengi. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote ni mali ya Serikali peke yake, na hauuzwi. Mtu anachopata ni haki ya kuutumia. Mkongomani anaweza kupewa haki ya kudumu. Mgeni anapewa kwa muda, miaka 25 kwa wingi, na unaweza kurudiwa. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema maji ni mali ya umma. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inataka mradi unaoweza kuharibu mazingira ufanyiwe kwanza uchunguzi.

Jirani wamekwenda mbali zaidi. Burundi, katika sheria yake ya maji ya 2012, iliweka mita 150 kando ya Tanganyika ambazo hazipaswi kujengwa. Katika ufuo wa Bujumbura sheria hiyo imevunjwa mara nyingi, na maji yalipopanda yalionyesha nani alijenga wapi. Hata hivyo mpaka upo kwenye karatasi, na raia anaweza kuutaja. Ufaransa, ambayo Corsica ni yake, ina sheria tangu 1976 inayolazimisha njia ya mita 3 kwa watembea kwa miguu kandokando ya bahari, hata mbele ya jumba la tajiri. Mwaka 1986 iliongeza sheria nyingine: nje ya miji, mita 100 kutoka majini zisijengwe. Maana yake, mwenye villa Corsica anaweza kuwa bilionea, lakini sheria inampa mwanakijiji haki ya kupita mbele ya bustani yake na mbwa wake na asiseme neno.

Uvira ni mwembamba. Kati ya mlima na ziwa kuna sehemu ambapo mtu anatembea dakika chache tu na ameumaliza mji. Kila ukuta unaojengwa kando ya maji unakata njia ya mtu fulani. Unakata njia ya mwanamke anayeteka maji kwa sababu bomba la Regideso halijafika kwake. Unakata njia ya wavuvi wanaopandisha mitumbwi, ya wamama wanaoanika ndagala juu ya mchanga, ya watoto wanaooga, ya waumini wanaobatizwa Jumapili. Hao wote hawana hati. Wana desturi tu, na desturi haigongwi muhuri.

Tena ziwa lina kumbukumbu ndefu kuliko ofisi ya kadasta. Lilipanda mwanzoni mwa miaka ya 1960, likashuka. Limepanda 2021, limepanda 2024. Lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga karibu na Kalemie, na mvua zikizidi, mlango huo hautoshi. Mwenye kujenga villa pale ambapo maji yalifika mwaka 2024 hajengi kwa ajili ya wajukuu wake. Anajenga kisha atadai serikali imjengee ukuta wa kuzuia maji, kwa pesa ya wote.

Usafi kwanza, kisha bwawa la kuogelea

Kuna jambo lingine ambalo wenye ndoto za hoteli hawapendi kulisikia. Kwa miaka mingi Uvira umejulikana kwa madaktari wa dunia kwa sababu ya kipindupindu. Regideso, ikisaidiwa na wafadhili wa Ulaya, ilifanya kazi ya kupanua mabomba na kuongeza maji safi yanayotoka mto Mulongwe, na kazi hiyo inastahili sifa. Lakini mji bado una watu wanaokunywa maji ya ziwa lile lile linalopokea taka za mji.

Villa inaweza kununua mashine yake ya kusafisha maji na kuweka jenereta yake. Hapo ndipo hatari ilipo: sehemu moja ya mji inaishi kama Mediterania, na nyuma ya ukuta kuna kipindupindu. Mgeni hatakuja mara ya pili akisikia habari hiyo. Kwa hiyo hata anayefikiria faida peke yake anapaswa kujua kwamba uwekezaji wa kwanza wa utalii Uvira ni bomba la maji, choo na mahali pa kutupa taka. Vingine vitafuata.

Mambo manne yanayowezekana

Kusema usiuze haitoshi kwa mtu mwenye njaa. Kuna mambo manne ambayo hayahitaji kusubiri mamilioni ya wafadhili.

La kwanza, kusimamisha kutoa hati mpya za parseli zinazogusa ziwa mpaka waliokimbia warudi. Wakati wa vita hati zinapotea na muhuri unabadilisha mikono. Karatasi iliyotiwa sahihi wakati nusu ya kartie iko uhamishoni isihesabiwe kuwa makubaliano.

La pili, kupima na kuandika mahali maji yalipofika mwaka 2024. Uvira ina bahati ambayo miji mingine haina: Kituo cha Utafiti wa Maji na Viumbe vyake, CRH, kiko hapo hapo mjini tangu wakati wa ukoloni, na watafiti wake wanalijua ziwa. Alama zao ziwe mpaka: chini ya alama hiyo, hakuna nyumba, iwe ya maskini au ya mkubwa. Na maskini anayeondolewa apewe parseli nyingine kabla nyumba yake haijavunjwa, siyo baada.

La tatu, kila kartie ya kando ya ziwa iandike mahali pake pa wote: pa kupandishia mitumbwi, pa kuanikia samaki, pa kukaa Jumapili. Wazee, wavuvi, wamama wa soko na vyama vya raia waketi pamoja na mkubwa wa kartie, wachore ramani, wapeleke nakala kwa meya na kwa kadasta. Ramani ya namna hiyo haina nguvu ya hukumu, lakini mnunuzi wa kesho hataweza kusema alikuta mahali patupu.

La nne, anayetaka kuwekeza asinunue, akodishe. Familia au ushirika wa wavuvi ubaki na haki ya ardhi, mwekezaji alipe kila mwaka, na mkataba useme njia ya kwenda majini haifungwi. Mchungaji wa Sardinia angekodisha badala ya kuuza, hadithi ya mjukuu wake ingekuwa nyingine.

Wakubwa waanze

Mwisho, neno kwa wale wenye uwezo wa kwenda mbali. Wabunge, wafanyabiashara na maofisa wa Kivu Kusini wanaopanda ndege kila likizo wanajua ufuo safi unavyofanana. Wameona njia za watu wote mbele ya majumba, wameona taka zinavyookotwa kila asubuhi, wamelipa kodi ya mgeni kwa usiku mmoja bila kulalamika. Wakirudi, wasilete picha tu. Walete sheria hizo katika bunge la jimbo na katika ofisi ya mji.

Na wale kati yao ambao wamekwisha kujenga ukuta mpaka ndani ya maji, waufungue kwa mita tatu. Hakuna haja ya kungoja kamati wala semina. Fundi mmoja na nyundo wanatosha kwa siku moja, na kesho yake mama wa Kilibula atapita na ndoo yake.